Pazia Lisilo na Paa

Nilikabidhi funguo za studio mwezi uliopita, na ninyi vijana mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Vyeti vilivyoko ukutani mnavisoma wenyewe, na habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini hazijawahi kumfundisha mtu kupiga picha. Nitawaandikia habari za lile pazia la kasri la Kichina lililo nyuma ya kiti cha wateja. Ndilo kasri nililofanya kazi mbele yake maisha yangu yote, na ndilo linalonitia haya kila nikilitazama.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa sketi ya kanisani, nikijua nitaulizwa maswali. Mzee Anandumi, mwenye studio, alikuwa juu ya ngazi akigongomea pazia ukutani, misumari imejaa mdomoni. Nikamwamkia, "Shikamoo Mzee." Akaguna, akatoa misumari kwanza. "Marahaba, binti. Nishikie ngazi." Nikaishika mpaka mikono ikaingia ganzi, na alipoteremka akaniambia kesho niwahi. Usaili mwingine sijawahi kufanya.

Mzee alikuwa mtu wa Meru, kutoka kule juu kwenye migomba, na kabla ya kamera alikuwa fundi wa kupaua nyumba. Nusu ya mapaa ya zamani pale Sekei, hapa Arusha, ni mkono wake. Alipoanguka na kuharibu goti akanunua kamera kwa mtu aliyekuwa anahama, na kwa kuwa rangi na brashi alikuwa nazo, mapazia ya studio akayachora mwenyewe. Moja lilikuwa la ndege ya abiria yenye ngazi, kwa hiyo ungeweza kupigwa kama unayepanda kwenda Ulaya. La pili lilikuwa la bustani, lenye maua ambayo sijayaona mahali popote duniani. La tatu ni kasri la Kichina, alilolinakili kutoka kwenye chupa ya chai ya mke wake.

Watu walilipenda kasri kuliko yote. Mama kutoka kijijini Terrat alikuwa anakuja na shanga zake shingoni na kusema, "Nipige pale Uchina." Watoto wa kipaimara, maharusi, vijana walionunua baiskeli mpya, wote Uchina. Ndege ilibaki kwa wanaume wenye madeni.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kamera ya filamu iliyobanduka ngozi, taa mbili za mwavuli, stendi yenye mguu mmoja uliofungwa waya, na koti la studio. Koti lilikuwa moja tu, jeusi, na tai ambayo fundo lake halikufunguliwa tangu lifungwe. Mwembamba tulimbana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, mnene tulimwambia asifunge vifungo aonekane mtu wa nafasi. Mkiwa na mteja mwenye wasiwasi, mvisheni koti kwanza ndipo mwashe taa. Mtu akivaa koti hujinyoosha mwenyewe, huna haja ya kumwambia.

Kosa langu la kwanza lilikuja wiki hiyo hiyo. Mzee mmoja wa Kiarusha, mfugaji wa upande wa magharibi wa mlima, alipigwa picha na mimi nikiwa najifunza, nikamkata chini ya magoti. Aliporudi kuchukua picha yake aliitazama, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kitu, akaigeuza tena.

"Miguu yangu iko wapi?"

Nikamwambia uso ndio muhimu.

"Nilikuja hapa kwa miguu," akasema. "Uso ulifuata tu."

Mzee Anandumi alimpiga upya bure, na mimi nikapewa sheria ya nyumba ambayo nimewarithisha ninyi wote. Picha ni ya mtu. Mtu anasimama katikati, anaonekana mzima kuanzia kichwani hadi kwenye kiatu, na uso wake unajulikana hata na jirani. Kisicho na mtu si picha, ni ukuta. Nikaishika sheria ile kama Amri ya Kumi na Moja. Kwa miaka yangu yote sikumkata mtu mguu tena.

Ndipo siku moja akaja Mchina, mhandisi wa barabara, kutaka picha za pasipoti. Alikuwa na dereva wake, kijana wa hapa Engutoto aliyekuwa akimtafsiria. Nilipomaliza kumpiga picha, yule mhandisi hakuondoka. Alilisogelea pazia la kasri, akainama, akainua kichwa, akacheka. Halikuwa cheko baya. Akasema neno kwa dereva.

"Mzee," dereva akasema, "huyu bwana anauliza hili paa limeshikwa na nini."

Sote tukalitazama. Nilikuwa nimeliona kila siku ya Mungu na sikuwahi kuona kwamba kati ya nguzo na paa hapakuwa na kitu. Paa lilielea. Kwenye chupa ya chai sehemu ile ilifunikwa na kishikio, na Mzee alipofika hapo akaruka, akapaka rangi ya bluu, akaendelea.

"Mwambie limeshikwa na neema ya Mungu," Mzee akajibu, na tukacheka wote, na mhandisi akacheka tena alipotafsiriwa.

Walipoondoka Mzee akakaa kwenye kiti cha wateja, mgongo kwangu, uso kwa pazia.

"Ndeshi," akaniambia, "mimi nimepaua nyumba za watu. Hakuna hata moja iliyoanguka. Halafu ninaning'iniza paa hewani na watu wanalipia kusimama chini yake. Yule mgeni kaniaibisha, na ana haki."

Tangu siku ile alikuwa na njaa moja, kujua paa lile limeshikwa na nini, ili achore kasri upya. Tulimletea kalenda za Kichina. Baadaye, simu zilipoingia, vijana walimwonyesha picha za humo. Alizitazama kwa heshima na kuzirudisha.

"Zote zimesimama mbele kama mgeni anayebisha hodi," alisema. "Nataka mtu aingie chini ya upenu, ainue kichwa, apige. Tena mtu wa studio hii. Ya kunakili nilishanakili, mkaona nilichopata."

Miaka ikaenda. Nikamzaa Neema, filamu zikaisha, chumba cha giza cha kusafishia picha kikawa stoo ya viti vya harusi, Mzee akaniachia uendeshaji akabaki na stuli yake mlangoni kuangalia wateja. Ndipo nafasi ikatokea. Kikundi cha wafanyabiashara wa hapa mjini kiliandaa safari ya China kutafuta bidhaa na kutembea, na kiongozi wao, Mama Aikande, muuza vifaa vya ujenzi, akataka mpiga picha wa kuwafuata. Mama Aikande ni Mchaga wa Machame kama mimi, mwenye mkono wazi na sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya mto. Nauli yangu wangelipa wao, na mimi ningewapiga picha popote watakaposimama.

Nilipokwenda kumuaga Mzee alikuwa amevaa shati safi. Jicho moja lilikuwa limeanza ukungu.

"Wale wana picha zao, wapige," alisema. "Mimi naomba moja. Moja tu, Mama Neema. Ya chini ya paa."

Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Naandika hapa na uso unanishuka.

Kasri la kale la Beijing ni la wafalme waliokwisha kuondoka zamani, na enzi zao mtu wa kawaida hakukanyaga. Sasa wanaingia watu kama siku ya gulio. Unapita lango unadhani umefika, unakuta uwanja, halafu lango jingine, halafu uwanja mkubwa zaidi ambao soko letu lote lingekaa na nafasi ikabaki. Kuta ni nyekundu, vigae vya paa ni vya manjano vinavyong'aa, na kwenye pembe za mapaa wamekaa wanyama wadogo wa udongo wamejipanga mstari. Ngazi ni za marumaru nyeupe. Hapo niwape la kazi: marumaru nyeupe huidanganya kamera, ikadhani mwanga umezidi, ikatia giza nyuso za sisi weusi. Ongezeni mwanga kuliko kamera inavyotaka. Nilijua hilo, na hakuna mtu wa kikundi chetu aliyetoka mweusi tii. Najisifu kwa hilo kwa sababu sina jingine.

Nilikuwa nimebeba lenzi moja, ile ya studio ya kupigia watu, ambayo haichukui eneo kubwa. Mama Aikande aliwapanga mbele ya kila jengo. Mimi nikarudi nyuma, nikaleta viatu ndani ya picha, nikahakikisha nyuso zinajulikana, nikabonyeza. Jengo lilikaa nyuma yao. Kilichoingia kiliingia, na ambacho hakikuingia sikukitazama. Lango, uwanja, ngazi, chungu kikubwa cha shaba, kila mahali sheria ya nyumba.

Palikuwa na akina dada wenyeji waliokodi mavazi ya kifalme, mikono mipana na vilemba vyenye maua, na wapiga picha wao wakiwazunguka. Nikaona kumbe koti la studio liko hata huku, nikafurahi kama niliyekutana na ndugu. Mpiga picha mmoja, mama wa rika langu, alimsimamisha mteja wake kisha yeye akalala chali kwenye mawe, kamera ikitazama juu.

"Mtazame mtu mzima anavyogaagaa," nikamwambia Mama Aikande, na tukacheka.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, nikaonyeshwa, na bado nikacheka. Yule mama alikuwa anaingiza paa.

Siwezi kusema nilimsahau Mzee. Kwenye jumba la katikati nilijitenga na kikundi, nikasogea mpaka chini ya upenu, nikainua kichwa. Niliona. Vipande vya mbao vilipandana kimoja juu ya kingine, vimepakwa bluu na kijani, kila kimoja kimeng'ata mwenzake, vikipanuka kwenda juu mpaka vikalibeba paa lote. Nikainua kamera, nikalenga, mkono haukutikisika, mwanga ulikuwa mzuri. Na kidole hakikubonyeza.

Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu ni la kijinga, lakini ndilo. Nilikuwa nasubiri mtu aingie. Macho yangu yalikuwa kwenye mbao zile na kidole kilikuwa kinasubiri mtu, asimame katikati, nione viatu vyake. Hakuna mtu anayesimama kwenye dari.

"Mama Neema!" Mama Aikande akaita. "Njoo utupige na huku, kuna simba!"

Nikateremsha kamera, nikaenda kupiga simba wa shaba na wafanyabiashara sita. Nikasema nitarudi. Tulitoka kwa lango la nyuma, ambalo haliruhusu kurudi, na siku moja tuliyobakiwa nayo walitaka kwenda kuangalia marumaru za sakafu.

Nyumbani, nilipoziweka picha kwenye kompyuta, ndipo nilipoona nilichofanya. Nilizipitia zote. Nguzo zipo, ngazi zipo, milango yenye vifundo vya dhahabu ipo, viatu vya Mama Aikande vipo kila mahali. Paa hakuna. Katika kila picha jengo lilikatwa pale pale nguzo zinapoishia, kana kwamba nimepima kwa rula. Ili kuingiza miguu ya wafanyabiashara wa Arusha nilikuwa nimeyabomoa mapaa ya wafalme, moja baada ya jingine, bila kujua. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee alituma ujumbe kwamba atakuja Jumamosi. Hapo ndipo nikafanya neno la aibu zaidi. Nikaingia mtandaoni, nikatafuta mpaka nikapata picha ya upenu wa kasri lile lile, iliyopigwa kutoka chini, mbao zote zinaonekana. Nikaichapa kubwa, nikaiweka chini ya zile nyingine.

Alikuja amevaa koti lake la ibada na miwani mpya. Alisafisha meza kwa kiganja, akaketi, akaanza kutazama. Kila picha aliisogeza karibu na jicho zima. "Watu wametoka vizuri," alisema. Akaendelea. "Mama Aikande amenawiri." Akaendelea. Nilimwona akitafuta juu ya vichwa, kila picha, macho yakigonga ukingo na kurudi.

Akaifikia ya mwisho. Aliishika kwa mikono miwili. Kidole chake kilifuata mbao zile moja moja, kama fundi anayekagua kenchi za paa. Nikaanza kupata amani. Nikajisemea, basi amepata alichotaka, imekwisha.

"Nani amepiga hii?"

"Mimi, Mzee."

"Wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Mzee."

Akavua miwani, akanitazama bila hasira, na afadhali angekasirika.

"Ndeshi, mwanangu. Mtu wake yuko wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kama ni fupi hivyo. Mtu aliyenifundisha mwenyewe alijua kwamba sijawahi kupiga picha isiyo na mtu, na kwamba nisingeweza.

Akaigeuza ile picha kifudifudi juu ya meza, akaisukuma kwangu taratibu.

"Lakini uliliona paa?" akauliza.

"Niliona, Mzee. Nilisimama chini yake kabisa."

"Limeshikwa na nini?"

Nikafungua mdomo. Nilijua nimeona, nilijua nimeshangaa, lakini namna mbao zile zilivyokamatana sikuweza kuieleza hata kidogo. "Mbao," nikasema. "Mbao nyingi."

"Mbao," akarudia. Akakunja miwani yake akaiweka mfukoni. "Hata mimi nilidhani ni mbao."

Kwa majuma kadhaa alijifungia kwenye kile kilichokuwa chumba cha giza. Alikuwa akichora huku jicho likikaribia kugusa kitambaa, na picha zangu amezibandika ukutani kwa utepe. Mara nyingine nilimpelekea chai na alikuwa anaitikia vizuri, ananiuliza habari za Neema, kama kawaida. Asubuhi moja nikafika nikakuta ameshalitundika pazia jipya mwenyewe, na goti lake lile, na hakuna aliyemshikia ngazi.

Ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Mmekuwa mkiliona kila siku, mnajua. Nguzo nyekundu unatamani kuziegemea, ngazi za marumaru zina kivuli cha asubuhi, vifundo vya milango vinang'aa. Alikuwa amechora kila kilichokuwemo kwenye picha zangu. Na juu, pale nguzo zinapoishia, akaacha kitambaa kitupu, cheupe, kimevutwa vizuri na kugongomewa misumari kama sehemu nyingine yoyote.

"Mzee, na paa?" nikauliza.

"Mpige mteja kwanza."

Palikuwa na binti wa kipaimara na mama yake wanasubiri. Nikamsimamisha binti katikati, nikarudi nyuma, nikaleta viatu vyake vyeupe ndani ya picha, nikahakikisha uso unajulikana. Mzee alikuwa kwenye stuli yake. Nikatazama kwenye kamera, na lile eneo tupu halikuwepo. Picha ilikatika pale pale rangi ilipokatika. Kasri lilionekana limekamilika.

"Nimeishia pale unapoishia wewe," Mzee akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kawaida, kama anayenikumbusha kuzima taa.

Nilibonyeza. Binti alitoka vizuri.

Hatukulizungumza tena. Niliwapiga wateja mbele ya pazia lile mpaka nilipostaafu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika, kwa kuwa hakuna picha yangu iliyowahi kufika huko juu. Mzee jicho la pili likafunga, kisha akalala. Tulimzika kwake juu, kwenye migomba, na wakati wa kusoma wasifu wa marehemu mwanawe mkubwa alisema baba alikuwa fundi hodari, ila Mungu amemwita akiwa na kazi moja hajaimaliza, pazia la studio. Waombolezaji wakaguna kwa huruma. Mimi nilikuwa benchi la mbele na shada la maua la studio mapajani. Kumwambia mtu aliyepaua nusu ya Sekei kwamba aliacha jengo bila paa, mbele ya kaburi lake. Nilipaswa kusimama niseme kweli. Niliona haya, nikabaki nimekaa.

Na siku ya kuniaga mlinipa khanga, mlinipa keki, kisha mlinipa habari njema kwamba mmempata mchoraji wa kummalizia Mzee kazi yake, aweke paa, iwe ukumbusho. Mkapiga makofi. Nami nikapiga.

Msimlete huyo mchoraji. Mzee Anandumi hakuwahi kuacha kazi nusu, si nyumba wala pazia. Sehemu yake aliimaliza siku ile aliyopigilia msumari wa mwisho. Kile kitambaa kitupu cha juu ni changu.